MIMI NI WA DUMILA

SEHEMU YA 1: Kusindikiza

Tangu niweke ile picha nikiwa na kofia ngumu na jasho usoni, swali ni moja tu: "Nesi, mtoto bado ananyonya, safari ya baiskeli umeiwezaje?" Jibu la mstari mmoja halitoshi, kwa hiyo nimeligawa sehemu tano. Na akina baba mnaopitaga hapa kimya kimya, msikimbie. Sehemu ya tatu ni yenu.

Tuanze na safari yenyewe. Kuna msafara wa baiskeli unaoitwa Twende Butiama. Waendeshaji wanatoka Dar es Salaam wanakwenda mpaka Butiama, mkoani Mara, alikozaliwa na alikozikwa Mwalimu Nyerere. Mwaka niliowasindikiza walikuwa wanaipigia hesabu Oktoba 14, tarehe aliyofariki mwaka 1999. Ni zaidi ya kilomita 1,000, siku baada ya siku, juani.

Sisi huku Mzumbe tuna kakikundi ketu. Tulianza watu wanne, sasa tupo tisa: walimu, mfanyakazi wa chuo, fundi seremala mmoja, na wanawake watatu. Tuliposikia msafara utapita Morogoro kuelekea Dodoma, kila mtu akaanza kusema atafika wapi. Mmoja akasema Dodoma. Mwingine akasema Gairo. Wakanigeukia mimi, mwenye mtoto wa miezi 13 mgongoni, nikasema: "Mimi ni wa Dumila."

Wakacheka. Mmoja akasema, "Sasa Dumila si hapo tu?" Ndiyo, ni hapo tu. Kutoka Msamvu mpaka Dumila ni kama kilomita 70. Lakini mimi sikupiga hesabu kwa kuangalia ramani. Nilianza na mtoto. Nikajiuliza: naweza kuwa mbali naye masaa mangapi bila yeye kuteseka na bila mimi kuteseka? Nikapata masaa 10 au 11. Humo ndani nikatoa muda wa kwenda Msamvu, muda wa kupumzika njiani na muda wa kurudi na basi. Kilichobaki kinatosha Dumila. Basi.

Sisi tuna neno zuri kwa jambo hili: kusindikiza. Mgeni akiondoka, humwachi mlangoni. Unamtoa mpaka barabarani, mengine mnaongea njiani, halafu unarudi kwako. Hakuna anayekuuliza kwa nini hukufika naye kwao. Dada yangu, ukiwa na mtoto mdogo, usikatae safari yote kwa sababu huwezi kuifika mwisho. Sindikiza. Chagua Dumila yako.

SEHEMU YA 2: Mwili uliozaa

Hapa nitasema wazi, maana tukiogopana hatutasaidiana.

Mara ya kwanza kupanda baiskeli baada ya kujifungua, nilipanda tuta moja la barabarani na mkojo ukatoka. Kidogo tu, lakini ulitoka. Sikushangaa, maana wodini nalisikia hili kila wiki. Mama anakohoa, anavuja. Anacheka, anavuja. Ananyanyua ndoo, anavuja. Ukimuuliza tangu lini, anakwambia "tangu huyu wa pili", na huyo wa pili yuko darasa la tatu! Kuna mama aliacha kuimba kwaya kwa ajili hiyo. Alidhani ndiyo gharama ya kuzaa.

Si gharama ya kuzaa. Ni misuli ya chini ya nyonga, ile inayobeba kibofu na kizazi. Imebeba mimba miezi tisa, imelegea, inahitaji mazoezi kama mguu unavyohitaji. Fanya hivi: kaza kama unayezuia mkojo na hewa kwa pamoja. Usibane pumzi, usikaze makalio. Hesabu mpaka tano, achia taratibu, pumzika, rudia mara kumi. Fanya asubuhi, mchana na jioni. Ukizoea, hesabu mpaka kumi. Usiyafanye wakati unakojoa. Unaweza kuyafanya ukiwa unakatakata mchicha, ukiwa kwenye daladala, ukiwa unasoma hapa, na hakuna atakayejua. Jipe miezi mitatu kabla ya kusema hayafanyi kazi. Mimi wiki ya nane nilipita tuta lile lile nikavuka mkavu.

Lakini sikilizeni vizuri. Kama mkojo unatoka muda wote bila kukohoa wala kucheka, hasa baada ya uchungu uliochukua muda mrefu, hiyo siyo ya mazoezi. Inaweza kuwa fistula. Nenda hospitali. Fistula inatibika, na pale CCBRT Dar es Salaam matibabu yake ni bure. Usijifungie ndani.

Jambo la pili ni damu. Nilipokuwa najiandaa nilichoka kuliko kawaida, kilima kidogo tu moyo unadunda mpaka masikioni. Nikapima wingi wa damu, ikatoka 10.6. Kwa mwanamke asiye mjamzito tunataka 12 na kuendelea. Nikaandikiwa vidonge vya madini chuma, nikavimeza kila siku na nikatulia na baiskeli mpaka damu ikapanda. Vidonge hivyo usimeze na chai, chai inazuia madini yasiingie mwilini. Meza na maji, na ukipata chungwa au maji ya ndimu ni vizuri zaidi. Choo kikiwa cheusi usiogope, ni vidonge. Pembeni kula maharage, mboga za majani, dagaa, na maini ukipata.

Na tatu: kama ulijifungua kwa upasuaji, au uliongezewa njia na kushonwa, usipande baiskeli kwa sababu umeona jirani kapanda. Nenda kaonwe siku ya 42, sema wazi unachotaka kufanya, ukaguliwe. Ukianza, anza na kutembea. Kutoka hapa chuoni mpaka Changarawe na kurudi, mtoto mgongoni, hayo nayo ni mazoezi.

SEHEMU YA 3: Nyumba na maziwa

Miguu niliiandaa kwa miezi mitatu. Nyumba ilihitaji maandalizi zaidi ya miguu.

Mama mkwe alikuwepo kwetu. Nilimkuta anachambua mchele, nikakaa chini, nikamweleza.

Akasema, "Unakwenda Butiama na mtoto ananyonya?"

"Siendi Butiama, mama. Nawasindikiza mpaka Dumila."

"Kusindikiza kwa baiskeli?"

"Kwa baiskeli, mama."

Akaendelea kuchambua mchele. Nikanyamaza, maana ukweni ukiona mtu mzima kanyamaza na wewe unanyamaza. Baadaye akasema, "Na yale maziwa yakichemka juani, mtoto si ataharisha?"

Hili swali najua wengi mnalo. Mama akitoka shambani au juani anaambiwa akamue kwanza amwage, maziwa yameharibika. Nilimjibu kwa heshima kama ninavyowajibu kliniki: maziwa yaliyo ndani ya titi hayaharibiki kwa jua wala kwa mazoezi. Ukifika nyumbani oga au futa jasho kwenye titi, kunywa maji, kaa utulie, nyonyesha. Kinachoharisha watoto ni mikono michafu, maji yasiyochemshwa na chombo kichafu. Akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Haya mwanangu. Mimi nitakaa na mtoto. Lakini msindikizaji harudi usiku." Nikasema, "Sawa mama, saa tisa nitakuwa hapa." Hiyo ndiyo ruhusa niliyoibeba.

Sasa maziwa. Wiki nzima kabla ya safari nilikuwa nakamua kwa mkono kila alfajiri mtoto akishanyonya. Nanawa mikono kwa sabuni, nachukua kikombe kilichochemshwa chenye mfuniko, naandika tarehe, naweka kwenye friji. Kwenye friji inayofanya kazi vizuri maziwa ya mama yanakaa mpaka siku nne, kwa hiyo ya mwanzo wa wiki alikuwa anapewa mapema na ya karibuni yanabaki. Nje ya friji yasizidi masaa manne, na kwa joto letu la Oktoba usiyasubirishe hata kufika hapo. Yapashe kwa kuweka kikombe ndani ya maji ya moto, usiyabandike jikoni. Mpe kwa kikombe. Chupa za kunyonyea ni ngumu kusafisha na zina kona nyingi za kuficha uchafu.

Huna friji? Mtoto aliyepita mwaka mmoja anaweza kukaa mchana kwa chakula cha familia, uji mzito wa lishe, matunda na maji safi, ukirudi ananyonya. Aliye chini ya miezi sita ni habari nyingine kabisa. Huyo chakula chake ni maziwa ya mama peke yake, kwa hiyo kama huna namna ya kumwachia ya kukamua, safari hiyo isubiri. Barabara haiondoki.

Akina baba, zamu yenu. Baba watoto wangu hakuniambia "nakuruhusu" halafu akaenda kijiweni. Jumamosi mbili kabla ya safari alikaa na watoto siku nzima mimi nikiwa mazoezini. Jumamosi ya kwanza alinipigia simu mara saba. Ya pili mara moja, kuuliza sufuria ya uji iko wapi. Hayo ndiyo mazoezi ya baba. Ukitaka mkeo apate nguvu, usisubiri siku ya safari ndiyo ujifunze mtoto wako analala kwa wimbo gani.

SEHEMU YA 4: Baiskeli, barabara na zamu za usiku

Baiskeli yangu ni ya mtumba, ina gia, breki zote mbili zinashika. Usione aibu ya mtumba. Muhimu fundi akupimie siti. Ukikaa na kisigino kikawa kwenye pedali iliyo chini kabisa, mguu uwe karibu umenyooka. Siti ikiwa chini sana magoti yanauma, ikiwa juu sana kiuno kinayumba na sehemu za siri zinafa ganzi. Ganzi si ya kuvumilia. Shuka, nyoosha mwili, rekebisha siti.

Mavazi: kaptula ya baiskeli yenye pedi ndani, suruali pana juu yake. Nguo ya ndani ya pamba au usivae kabisa chini ya hiyo kaptula, maana mshono ndio unaochuna ngozi. Ukimaliza, ivue haraka, oga, kauka. Wanaopata fangasi ni wale wanaokaa na nguo yenye jasho mpaka jioni.

Mazoezi yetu yalikuwa Mzumbe kwenda Mlali na kurudi. Wanaojua huku wanajua barabara hiyo inavyoanza kwa upole, halafu ukielekea Mgeta mlima unakuonyesha nani mwenye nyumba. Tunapishana na vijana wanaoshusha mbogamboga kutoka Uluguru, baiskeli imebeba matenga kuliko pikipiki, breki zinalia. Hao hawaendi mazoezini, hiyo ni kazi ya kila siku. Ukiwaona unaacha kulalamika.

Nilianza na kilomita 10. Kila wiki naongeza kidogo, wiki ya nne napunguza mwili upumzike. Mpaka mwisho wa Septemba nilishafika 60 kwa siku moja. Sheria yangu ilikuwa moja: nikitoka zamu ya usiku sipandi baiskeli. Nalala. Mtu asiyelala anaendesha kama mlevi, na mimi nimepokea wengi wa namna hiyo saa mbili asubuhi.

Ndiyo, tuzungumze barabara. Nesi yeyote wa Morogoro atakwambia, barabara kuu inatuletea kazi. Hapa ndipo njia ya Dar, ya Iringa na ya Dodoma zinapokutana, malori ya Zambia na Kongo yanapita usiku na mchana. Mzee Sokoine, Waziri Mkuu wetu, tulimpoteza kwa ajali ya gari Aprili 12, 1984, kule Wami-Dakawa, kwenye barabara hii hii ya kwenda Dumila. Chuo chetu cha kilimo cha SUA kinabeba jina lake. Kama barabara ilimchukua mtu wa msafara wa serikali, wewe mwenye baiskeli usijidanganye.

Kwa hiyo tulikubaliana: kofia ngumu kila mtu, fulana ya kung'aa, taa nyuma hata mchana. Mstari mmoja, hakuna kuendesha wawili wawili mkipiga stori. Lori likikupita upepo wake unakuvuta, shika usukani kwa mikono miwili, usitazame nyuma. Hakuna kuvaa spika za masikioni. Na aliye taratibu zaidi anakaa mbele.

Hilo la mwisho lilikuwa na mzozo. Mmoja wetu alisema wanawake watawachelewesha. Fundi seremala, mtu mzima asiyeongea sana, akamjibu, "Mkiwaacha nyuma, akianguka mmoja nani atajua?" Mjadala ukaisha. Tukakaa mbele sisi.

SEHEMU YA 5: Msamvu mpaka Dumila

Kutoka Mzumbe mpaka Msamvu ni kilomita 20 na ushei, unashuka Sangasanga kisha unaingia barabara ya Iringa. Baadhi walitaka tuendeshe alfajiri tukiwa na taa. Tukapiga kura, giza likashindwa. Tulikodi kirikuu, tukapanga baiskeli kwa kuzilaza na mablanketi katikati, tukachangia mafuta. Nguvu ni za kutumia mchana, siyo za kubahatisha na malori gizani.

Saa tisa usiku niliamka. Nikala wali wa jana na maharage, nikanywa chai ya maziwa. Saa kumi nikamnyonyesha mtoto akiwa usingizini, titi zote mbili. Mama mkwe alikuwa ameamka zamani, amekaa kwenye kigoda mlangoni na khanga yake begani. Akampokea mtoto, hakusema kitu. Mkubwa wangu wa miaka sita ndiye aliyeuliza, "Mama, utatuletea nini Dumila?" Nikamwambia nyanya. Akaguna.

Msamvu saa kumi na moja na nusu palishachangamka: wapiga debe, mama wa vitumbua, mabasi ya kwanza. Na baiskeli! Sijawahi kuona baiskeli nyingi hivyo pamoja, watu wa kila rika, wengine wana mvi. Nilidhani nitajiona mdogo. Dada mmoja wa msafara aliyetokea Dar akanisalimia, akaniuliza naenda wapi. Nikasema Dumila, nina mtoto ananyonya. Akasema, "Mimi wa kwangu ameshakua. Wakati ananyonya nilikuwa naishia Kibaha." Jamani, nilicheka mpaka nikasahau hofu.

Tuliondoka kumekucha. Kihonda, Mkundi, halafu mji unaisha na uwanda unafunguka. Ukigeuka nyuma unaiona Uluguru imevaa wingu lake. Maji nilikunywa kidogo kidogo kabla ya kiu kuwa kali. Nilikuwa na chupa mbili: moja maji, moja maji yenye chumvichumvi za ORS, ile ile pakiti tunayowapa watoto wanaoharisha, imechanganywa kwenye lita moja kamili kama ilivyoandikwa. Ukitoa jasho jingi ukarudisha maji matupu peke yake, kichwa kinauma na miguu inakaza.

Dakawa, kwenye mashamba ya mpunga, matiti yalishakuwa mawe. Nilitegemea hivyo, yalishapita masaa manne na zaidi. Tukasimama kwa mama ntilie. Nikamwomba kona, nikajifunika khanga, nikakamua kwa mkono mpaka yakalegea, yale nikayamwaga kwa kuwa hapakuwa na pa kuyahifadhi. Dakika kumi na tano. Wale wanaume wa kundi walikunywa chai wakageuzia migongo upande wetu bila kuambiwa. Mama zangu, usiendelee na titi lililojaa kwa sababu unaona aibu kusimamisha watu. Maziwa yakikaa yanaweza kuleta uvimbe, titi linakuwa la moto, jekundu, na homa juu. Ikikutokea nenda kituo cha afya, na usiache kunyonyesha.

Tukavuka mto Wami. Jua likapanda. Kilomita kumi za mwisho sikuongea na mtu, nilikuwa nahesabu nguzo za umeme. Saa tano kasoro tukaingia Dumila, vitunguu na nyanya zimepangwa pande zote mbili za barabara.

Msafara haukukaa sana. Wenzangu wa Gairo na Dodoma wakaweka maji, wakapunga mikono, wakaondoka kuelekea milimani. Nilisimama pale nikiwa nimeshika baiskeli mpaka wa mwisho akapotea. Sitawadanganya, roho ilitaka kuwafuata. Miguu ilikuwa bado ipo. Lakini nilikuwa nimetoa ahadi ya saa tisa.

Nikanunua nyanya ndoo ndogo. Konda akaniwekea baiskeli kwenye buti kwa elfu tano, baada ya kubishana kutoka elfu kumi. Saa tisa kasoro robo nilikuwa Mzumbe. Mtoto alikuwa amekula, amelala, ameamka, anacheza na kifuniko cha sufuria. Aliponiona alilia kama aliyeonewa mwaka mzima, akanyonya mpaka akalala tena. Mama mkwe akaangalia saa ya ukutani, kisha akaangalia nyanya. "Hizi ni nzuri," akasema. "Mwakani nendeni mpaka Gairo. Kule kuna maharage."

Kwa anayetaka kuanza mwezi huu, fuata mpangilio huu. Wiki hii anza mazoezi ya misuli ya nyonga na ukapime damu. Wiki ijayo tafuta atakayekaa na mtoto, na mwache afanye majaribio ukiwa karibu. Baada ya hapo ndiyo utafute baiskeli. Ukishaipata, piga hesabu ya masaa yako, ujue Dumila yako ni wapi. Inaweza kuwa Mlali. Inaweza kuwa dukani na kurudi. Mtoto anakua, na hesabu itabadilika.